Wazee wa vita ya Kagera, tuambieni vifaru vilichafukaje

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa moyoni.

Mi ni fundi wa kupuliza rangi za magari hapa Unga Limited, jioni nikishafunga kazi naunga vifaru vya plastiki, vile vya kipimo cha 1 kwa 35. Saa hizi ninacho cha Type 59, kifaru cha Kichina ambacho jeshi letu lilikwenda nacho vita ya Kagera. Chenyewe bodi yake ni mita 6 na ushee, changu sentimita 17. Nilikipiga kijani safi kabisa nikaona nimemaliza, akaja mzee jirani yangu wa Sakina aliyekuwepo vitani, akakishika, akakigeuza geuza, akasema kijana, hiki hakijafika Uganda.

Nikaanza upya. Watu wanadhani kuchafua kifaru ni kupakaza tope tu, hapana, kila doa lazima ujue limetoka wapi. Ekzosi ya Type 59 iko kwenye madigadi ya kushoto, kwa hiyo masizi yanakaa kushoto na kutu ya pale ni kahawia iliyoiva. Cheni inayotembea haina kutu pale inapokanyaga maana ardhi inaisugua mpaka inang'aa, na juu pale askari wanapopandia rangi inalika kwa buti. Halafu kuna hesabu, mkwaruzo wa milimita 1 kwenye modeli ni sawa na sentimita 3 na nusu kwenye kifaru chenyewe, ndo maana nachovya kipande cha sponji kwenye rangi, nakikausha kwenye karatasi kwanza, afu nagusagusa taratibu kingo tu. Pale rangi ilipobanduka napaka kahawia chini, napuliza sprei ya nywele ya saluni, juu yake kijani cha rangi ya maji, ikikauka nalowesha na kukwangua kwa mswaki wa zamani.

Shida ni udongo. Wa kwetu huku ni wa volkano, vumbi lake kijivu kijivu, ukilipaka unapata kifaru kilichotoka Monduli sio Kagera. Shemeji akanitumia udongo mwekundu kwa basi kutoka Bukoba, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni mara tatu maana chembe moja ya mchanga hapo inaonekana kama jiwe, nikachanganya na gundi ya mbao na maji.

Lakini jeshi halikuishia Mutukula pale mpakani. Machi 1979 lilipigana Lukaya, ndani ya Uganda, ambako barabara inakatiza kwenye kinamasi, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Sasa tope la kinamasi lilikaa juu ya lile jekundu au mvua ilishaliosha? Matawi ya kujificha yalifungwa wapi, madumu ya maji yalining'inia upande gani? Picha nilizoziona ni nyeusi na nyeupe, haziniambii.

Wazee wetu mliokuwepo mko wengi hapa Arusha na Moshi, na picha mnazo kwenye masanduku. Mhariri nakuomba sana, uwaombe wazilete uzichapishe pamoja na maelezo yao wenyewe wangali wapo, hata rangi ya tope tu, hata kifaru kimoja. Changu nimemaliza upande wa kushoto, wa kulia nimeuacha kijani mpaka niambiwe.

Fundi rangi, Unga Limited, Arusha