Vigae visiwekwe chini ya kuni

Mhariri,

Wiki jana ukurasa wenu wa makazi ulikuwa na picha ya sebule yenye meko ya kuotea moto. Vigae vyeupe vya kung'aa vimetandazwa mpaka pale kuni zinapolala. Naomba wasomaji wa Njombe, Makete na Mufindi, tunaoota moto Juni hadi Agosti, wasiige picha ile.

Mwaka juzi niliamua kufunika sakafu ya saruji nyekundu iliyopasukapasuka mbele ya meko yangu. Fundi akaweka vigae vya sebuleni hadi ndani kabisa. Nilipouliza akanijibu, "Mama, tailizi imeokwa tanurini, moto wa kuni hauiwezi." Nikanyamaza. Siku nne baadaye tukawasha kuni za miwati. Usiku wa tatu kigae kililia paa! Kipande cha moto kikaangukia mkeka aliokalia mjukuu wangu wa miaka mitano. Kilimkosa kwa shubiri moja. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Ni kweli kigae huokwa tanurini, lakini humo joto hupanda polepole na kukizunguka pande zote. Kwenye meko uso wake unachemka huku mgongo ukiwa baridi, umeshikwa na saruji. Uso unatanuka, mgongo hautanuki, kinapasuka. Na tulipobandua vilivyobaki, saruji ya chini ilikuwa bado mbichi. Maji yale yakipata moto hugeuka mvuke, nao hutafuta pa kutokea.

Safari ya pili nilisimamia mwenyewe. Ndani tuliweka matofali ya kuhimili moto, tukayaunga kwa udongo wake maalumu, si saruji ya kawaida. Vigae vikabaki nje tu, visivyong'aa wala kuteleza: nusu mita mbele ya mdomo wa meko, sentimita 30 kila upande, ili cheche ziangukie kisichoungua. (Kanuni za ujenzi za Marekani kwa meko madogo hudai inchi 16 mbele na 8 pembeni, kwa hiyo sikuzidisha sana.) Kazi kubwa ilikuwa kutindua. Sakafu ile ya zamani ilisuguliwa nta nyekundu kwa miaka mingi, na juu ya nta gundi haishiki. Kijana wangu alipiga tindo siku mbili nzima. Kati ya kigae na kigae tuliacha milimita 3, tukajaza grauti kesho yake.

Kisha tukasubiri siku 28, tukijifunika mablanketi, ndipo nikawasha vijiti vichache, kesho yake vingi kidogo. Misimu miwili sasa, hakuna hata ufa.

Naomba mtoe na picha ya meko ya namna hii. Mwandishi wenu akipita Njombe aje aone. Kwangu moto huwashwa saa kumi na mbili jioni.

Mwalimu mstaafu,
Njombe