Kabla ya kuingiza jina kwenye mti wa ukoo

Wapendwa, jina la kwenye orodha iliyonakiliwa kutoka daftari za ubatizo msiliingize kwanza. Ombeni picha ya ukurasa wenyewe. Daftari za ubatizo za wamisionari Wajerumani ziliandikwa kwa mwandiko wa zamani: "e" inafanana na "n", "s" ndefu inasomwa "f". Mkibishania herufi, tafuteni jina msilolitilia shaka ukurasa uleule, Maria au Petrus, mlinganishe mkono wa mwandishi.

Tafuteni pia kwa tahajia ya Kijerumani: Juma huenda ni Dschuma, Shayo ni Schajo. Na tafadhali, "7ber" ni Septemba ("septem" ni saba kwa Kilatini), si Julai! Hapo wanakili wengi huteleza.

Kila mnachotuma humu kundini, andikeni kama mmesoma nakala au picha, pamoja na ukurasa na namba ya mstari.