Gari la turbo likaguliwe lilikolala

Kwa Mhariri,

Kila mashindano ya Safari Rally yanapokaribia huko Naivasha, sisi tunaoishi Nakuru huona barabara kuu ikijaa Subaru za turbo, yaani zenye kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na muda si mrefu baadaye simu zetu hujaa picha za magari hayo hayo yakiuzwa na wenyewe, bila dalali wala yadi. Wanunuzi wengi ni vijana waliojinyima kwa miaka ili wapate akiba hiyo, na wengi wao hulitazama gari kwa mara ya kwanza katika kituo cha petroli, injini ikiwa tayari inanguruma. Ninaandika kuwasihi waiache desturi hiyo. Gari la aina hii likaguliwe pale linapolala, asubuhi, kabla mwenyewe hajaliwasha.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Mwaka wa 2019 nilikutana na muuzaji wa Subaru Forester ya turbo kando ya barabara, akanieleza kwamba yuko safarini kwenda Eldoret na kwamba huko kuna mtu anayemngoja akiwa na pesa taslimu. Gari lilikuwa limeoshwa hadi chini ya boneti, injini ilikuwa moto na mlio wake ulikuwa laini kabisa. Nililipa Sh780,000. Wiki ya tatu, nikipanda kuelekea Mau Summit, injini ilianza kugonga kama mtu anayenyoosha bati kwa nyundo. Fundi alipofungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, alichota oili kwa kiganja na kunionyesha vumbi la chuma likimeta kama omena iliyoanikwa juani. Beringi zilikuwa zimekwisha, na kwa jinsi zilivyokuwa zimeliwa, alisema, hazikuharibika katika wiki tatu nilizokuwa nalo. Nilipompigia muuzaji, nambari yake haikuwa ikipatikana. Jina lililokuwa kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, lilikuwa la mama mmoja wa Machakos ambaye alikuwa ameliuza gari hilo zamani kwa mtu mwingine kabisa, na ilinichukua miezi kumi na mmoja kumshawishi aje tukamilishe uhamisho.

Wasomaji wasiojua magari haya huenda wakajiuliza ubaridi wa injini una umuhimu gani. Injini ya Subaru ina silinda zilizolala, mbili kila upande, na pistoni zilizolika hugonga kuta za silinda wakati chuma bado ni baridi. Kikipata joto kinatanuka, nafasi inaziba na mlio unatoweka. Vivyo hivyo, oili iliyovuja usiku kucha kupitia sili za vali au za turbo huchomeka katika dakika ya kwanza na kutoa moshi wa samawati, kisha hakuna tena cha kuonekana. Kwa hivyo muuzaji aliyelipasha gari moto kabla hujafika, hata kama hana nia mbaya, amekunyima dakika ambazo gari husema ukweli wake. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuwa ndefu. Ikiwa lina joto, omba urudi kesho.

Mwaka wa 2024 nilipata ujasiri wa kujaribu tena, mara hii Subaru Impreza WRX iliyokuwa ikiuzwa na mwalimu mmoja huko Mamboleo, Kisumu. Nililala kwa shemeji yangu, nikaenda huko saa kumi na mbili na nusu asubuhi pamoja na fundi wangu wa Nakuru, ambaye nilimlipa Sh5,000 pamoja na nauli. (Wako wanaoona fedha hizo ni nyingi, mimi nilikuwa nimekwisha kununua injini nzima.) Mwenye gari alitoka akiwa na funguo mkononi, na fundi akamzuia kwa upole: "Mwalimu, usiwashe kwanza, niache niliguse." Aliinama akatazama sakafu ya simenti, ambako hapakuwa na doa la oili, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa asije akakuta harufu ya petroli, akafungua kifuniko cha redieta, kisha akakwaruza kidogo kwa ukucha vichwa vya bolti zinazoshika mbawa za mbele, yale mabati yanayofunika magurudumu. Rangi iliyovunjika kwenye bolti hizo ni ushahidi kwamba bawa limewahi kutolewa, na bawa halitolewi bure.

Baada ya hapo alisoma nambari ya chesisi iliyochongwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani hayana nambari ndefu ya tarakimu kumi na saba; yana herufi za modeli, kistari, halafu nambari. Katika Impreza za kizazi cha gari hilo la mwalimu, GDA ni WRX ya kawaida yenye gia tano, na GDB ndiyo STI, ile yenye nguvu zaidi, yenye gia sita. Beji ya waridi ya STI inanunuliwa dukani na kubandikwa kwa dakika moja, lakini herufi zile zimepigwa kwenye chuma. Kuna hesabu nyingine rahisi ambayo vijana hawaifanyi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyopita miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na utengenezaji wa modeli hizo ulikoma mwaka wa 2007. Kwa hivyo anayekuambia kwamba GDB yake imetoka Japani juzi anakudanganya: gari hilo limekula barabara za hapa kwa takriban miaka kumi au zaidi, na kilomita chache zinazoonekana kwenye kipima mwendo zinahitaji maelezo.

Injini ilipowashwa tulisikiliza bila kuzungumza. Kisha tulilipandisha mlima wa Riat, mwenyewe akiwa ameketi kando yangu na kitambulisho changu kikiwa mfukoni mwake, jambo ambalo ni haki yake. Mlima ulitufaa kwa sababu gasketi ya silinda hedi, inayoziba kati ya injini na kichwa chake, tofauti na pistoni, haijifichui kwenye ubaridi. Hungoja injini ifanye kazi ngumu, ndipo mapovu yatokee kwenye tangi la maji la akiba na sindano ya joto ianze kupanda. Tuliporudi, fundi aliniambia nizungushe usukani hadi mwisho na kulitembeza gari polepole katika duara. Lilisitasita na kurukaruka kidogo. Alipokagua magurudumu alikuta tairi moja ya mbele ikiwa mpya na tatu zikiwa zimelika. Katika gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, tairi zenye mizunguko tofauti huilazimisha difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Mwalimu hakuwa amelijua hilo. Alikuwa amepata pancha akanunua tairi moja kama afanyavyo mtu yeyote. Tulikubaliana apunguze Sh40,000.

Swali ambalo fundi alilirudia mara tatu lilikuwa hili: ni nani aliyelichezea gari hili, na alibadilisha nini? Turbo ikisukuma hewa zaidi ya kiwango cha kiwandani bila petroli ya kutosha, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Magari haya yalitayarishwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake, kipimo cha kustahimili mlipuko huo wa mapema, ni takriban 100, nayo ya kawaida tunayojaza hapa iko chini ya hapo. Eksozi kubwa na mlio wa hewa ikitoka kwa kishindo unapoachilia mafuta huwafurahisha wengi, ila mnunuzi mwenye busara huulizia stakabadhi: belti ya taiming ilibadilishwa lini (hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika vali hugongana na pistoni), oili hubadilishwa kila baada ya muda gani, na programu ya injini iliwekwa na nani.

Nikija kwenye karatasi, sheria haimlindi sana anayenunua kwa mtu binafsi. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, dhamana ya ubora humbana hasa yule ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Mwalimu anayeuza gari lake hayumo. Kinachombana ni maelezo aliyoyatoa na haki yake ya kuuza. Ndiyo maana mkataba wetu, uliotiwa saini mbele ya wakili, uliandika nambari ya chesisi, nambari ya injini, idadi ya kilomita na kila kifaa kilichobadilishwa. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimelipa Sh550 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kupata nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, na jina lililokuwemo lilikuwa la mtu yule yule aliyeniandalia chai. Niliangalia pia kama gari limewekwa rehani, kwa kuwa tangu Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika ya mwaka wa 2017, mikopo ya logibuku husajiliwa, na anayenunua bila kutafuta katika sajili hiyo anaweza kujikuta akinunua deni la mwenzake.

Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kutoka akaunti yake, nawe ukaukubali katika yako. Tulifanya hivyo tukiwa sebuleni kwake, kisha tukaenda benki nikamwekea fedha kwenye akaunti yenye jina lile lile. Asikubali mtu kuambiwa achukue logibuku na fomu zilizotiwa saini, uhamisho atafanya akipata nafasi. Sheria ya Trafiki inatoa siku 14 tu, na humtambua kuwa mwenye gari yule ambaye jina lake limesajiliwa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Bima ya mwenye gari wa awali nayo haikufuati. Nilinunua yangu kabla ya kuondoka Kisumu.

Najua wauzaji wana hofu yao. Kumwonyesha mgeni mlango wa nyumba yako na gari la bei si jambo dogo, na ushauri wa kukutana mahali penye watu wengi una msingi. Basi mkutane kwanza mchana, mahali pa wazi, bila fedha, mpeane nakala za vitambulisho na kupimana. Mkutano wa pili uwe nyumbani, asubuhi.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa njiani kwenda kuonana na muuzaji wa WRX karibu na Gilgil, saa nane mchana, kando ya barabara. Nilimwomba amuulize mtu huyo swali moja tu: gari hulala wapi, ili aje alione kesho alfajiri. Muuzaji alimjibu kwamba tayari amempata mteja mwingine, akakata simu. Mpwa wangu bado amenikasirikia.

Msomaji wenu,
Kiamunyi, Nakuru