Mwanangu, usipake simiti

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku kwa dada yako Liverpool tu wazima wote, alhamdulillahi, ila baridi imenikalia kwenye magoti. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Wasema mwenye nyumba ya Mji wa Kale amechoka kungoja, ataka ukuta wa sebule upigwe plasta ya simiti wiki hii hii. Nilishika simu nikujibu palepale, kisha nikaiweka. Jibu langu ni refu kidogo, na laanzia kwenye ngome niliyokwenda kuiona juzi.

Dada yako alinipeleka Wales kwa treni, mpaka mji mdogo uitwao Conwy. Reli imepita mguuni mwa ngome yenyewe, kiasi kwamba nilikuwa nimeshaanza kuhesabu minara kabla hatujateremka. Ni minane, ya mviringo, kila mmoja zaidi ya mita ishirini kwenda juu, imesimama juu ya mwamba pale mto unapokutana na bahari. Kutoka hapo ukuta wa mji unaendelea zaidi ya kilomita moja na kuuzunguka mji wote, na minara mingine 21. Sehemu kubwa unaweza kutembea juu yake. Nilitembea, magoti yakanilaumu, nikaendelea.

Ujenzi ulianza 1283, na kufikia 1287 kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Miaka minne, mwanangu, kwa nyundo, patasi, kamba na migongo ya watu. Aliyeamuru ni Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, baada ya kuwashinda Wawelisi, wenyeji wa Wales. Msimamizi alikuwa mwashi aitwaye James of St George, aliyetoka Savoy, mbali huko kwenye milima ya Alps. Nikaikumbuka Ngome yetu ya Mombasa: mfalme wa Ureno, mchoraji Mwitaliano Cairati, mwaka 1593, na mawe yakawa ya kwetu.

Sasa nikueleze kilichonisimamisha. Wageni wengine walikuwa wanapiga picha bahari. Mimi niliuegemea ukuta wa nje wa mnara mmoja nikaona mashimo. Ni ya mraba, mkono waingia, na hayakupangwa kwa mstari ulionyooka kama tunavyopanga sisi. Yanapanda kwa mshazari kuuzunguka mnara, kama nyoka aliyejizungusha kwenye mnazi. Nilitazama muda kabla ya kufahamu. Ni mashimo ya boriti za jukwaa! Badala ya kufunga jukwaa ghorofa kwa ghorofa na kuvuta kila jiwe kwa kamba, walijenga njia ya mteremko inayozunguka mnara, mtu akawa anapanda nayo na mzigo wake kadiri ukuta unavyoinuka. Ulipokwisha waling'oa boriti, mashimo yakabaki. Ndiyo namna mafundi wa Savoy walivyofanya. Miaka zaidi ya 700 imepita, na bado nilimwona yule kibarua anavyopanda na jiwe lake.

Vibarua hao walitolewa sehemu mbalimbali za Uingereza, wakakusanywa mji wa Chester kila msimu wa ujenzi, kisha wakatembea kwa miguu hadi Wales: waashi, maseremala, wachimbaji, wahunzi. Vitabu vya mahesabu ya mfalme vinaonyesha ngome na ukuta wa mji viligharimu kama pauni elfu 15, fedha za kutisha kwa zama zile. Jina la mfalme linajulikana, la James linajulikana. Wale wa mashimo ya boriti sikuwasoma popote.

Na jambo hili sitaki ulipite: pale palikuwa na watu kabla ya ngome. Palikuwa na nyumba ya watawa, na ndani yake alizikwa Llywelyn Mkuu, mtawala wa Wawelisi aliyefariki 1240. Edward aliwahamisha watawa akawapeleka kwingine, bonde hilo hilo juu zaidi, akajenga ngome yake mahali hapo. Na mji uliozungushiwa ukuta alijengewa Mwingereza. Mwelisi hakuruhusiwa kukaa ndani. Sikuweza kuisifu kazi ya mawe bila kukumbuka hilo. Lakini pale mlangoni maandishi yanaanza kwa Kiwelisi, na nyuma yetu kwenye ngazi alikuwepo mama akimgombeza mwanawe kwa Kiwelisi, ndani kabisa ya ngome iliyojengwa ili wao wasiingie. Niliposikia nilifurahi kana kwamba ni watu wangu.

Waliwahi kuingia kwa nguvu pia. Ijumaa Kuu ya mwaka 1401 askari wengi walikuwa wameteremka mjini kusali. Watu wa Rhys na Gwilym ap Tudur, ndugu wawili Wawelisi walioasi, waliingia, na inasimuliwa kwamba mmoja wao alijifanya seremala aliyekuja kazini. Mfuko wa kazi ukafungua mlango ambao majeshi yangeushindwa.

Ndani hakuna paa hata moja la zamani. Katika ukumbi mkubwa boriti za mbao zilioza mapema. Kufikia miaka ya 1340 ilibidi wafungue paa lile na kulibeba kwa matao ya mawe. Limebaki zima tao moja, limening'inia peke yake na mbingu juu yake. Madini ya risasi na chuma vilivyosalia vilibanduliwa 1665 vikauzwa. Vilivyoweza kuuzwa viliuzwa na vilivyoweza kuoza vimeoza. Mawe na chokaa vipo.

Hapa ndipo ninapokujibu. Chini ya ukingo mmoja, mahali mvua isipofika, kumebaki rangi nyeupe. Ngome nzima iliwahi kupakwa chokaa. Ukiwa baharini uliiona yang'aa. Niliweka kidole. Chokaa ile ni laini, ina chembe za mchanga unazoweza kuzihesabu, sawa na ile ya babu yako aliyochoma kwa matumbawe na magogo. Ukuta wa namna hiyo ukinywa maji ya mvua unayatoa tena polepole. Simiti inayafungia ndani.

Hilo nalijua kwa sababu nililifanya. Ulikuwa bado mdogo, waenda madrasa. Mwenye nyumba mmoja alikuwa na harusi ya bintiye, akataka ukuta wa matumbawe upigwe simiti, uwe laini, uwahi. Babu yako alikuwa amenikataza tangu siku ya kwanza aliponipa mwiko. Nilipiga. Harusi ikapendeza, nikalipwa. Baada ya masika ya pili aliniita. Niligonga ukuta ukalia kama debe tupu. Chini chumvi imetoka nyeupe kama unga, na kipande kilipoanguka kilishuka na jiwe lenyewe, limekuwa tifutifu, lavunjika kwa vidole. Nikamwambia ni hewa ya bahari. Aliniamini, akanishukuru, akanipa chai. Chai ile bado iko kooni.

Basi nenda kwa huyo mwenye nyumba wako. Umsalimie kwanza, usianze na neno hapana. Mwombe wiki tatu. Mpeleke agonge mwenyewe ukuta uliopakwa simiti, kisha agonge wake, asikie. Akikataa kabisa, iache kazi; hasara hiyo nitaibeba mimi, usimwambie mama yako mpaka nije.

Akikubali, bandua simiti yoyote ya zamani iliyopo, taratibu, kwa patasi ndogo, usipige jiwe. Ukuta uulowanishe jioni, na asubuhi tena. Mchanga uwe wa mtoni, si wa pwani, na uuchekeche mara mbili.

Nikirudi, inshallah mwisho wa mwezi, tutakwenda wawili kwenye ile nyumba ya harusi. Nitamwambia kweli yule mzee kama yuko hai, na kama hayuko nitawaambia wanawe. Kazi ya kukwangua itataka mikono miwili zaidi ya yangu.

Pipa la chokaa liko chini ya ngazi, nimeliloweka tangu kabla ya Ramadhani. Litazame leo. Maji yawe juu ya chokaa vidole vinne, na ulifunike, kuku wasiingie.

Babako