Kipimio cha kupimia chuma kinadanganya kwenye boti za faiba

Ndugu Mhariri,

Boti za faiba zinazidi kuonekana mwambao mzima. Kwa usalama wa wavuvi na abiria, tunawasihi wanaonunua au kuunda vipimio vya altrasaundi vya mkononi, yaani vifaa vinavyopima unene wa ukuta wa boti kwa kutuma sauti na kusubiri mwangwi wake, wasichukue kifaa kilichoundwa kupimia chuma na kukibandika kwenye faiba.

Ndani ya chuma sauti hukimbia takriban mita 5,900 kwa sekunde. Ndani ya faiba ni kama 2,700. Kifaa kisichorekebishwa kitasoma ukuta wa milimita 10 kuwa karibu 22, na mwenye boti ataondoka ameridhika. Hilo ni la kubadili namba tu. Zito zaidi ni masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde (megahezi 1 ni mitetemo milioni moja). Vipimio vingi vya chuma hutumia megahezi 5, na kwenye faiba wimbi lake lina urefu wa nusu milimita hivi, kwa hiyo nyuzi na vipovu vya hewa hulitawanya kabla halijafika upande wa pili. Mwangwi usiporudi, mkaguzi hajui kama matabaka yameachana au kifaa ndicho kimeshindwa. Tumieni megahezi 1, hata 0.5 ukuta ukiwa mnene.

Masafa ya chini nayo yana taabu yake. Kwa megahezi 1, kichwa cha kifaa kinachotoa na kupokea sauti kikiendelea kutetema mizunguko mitatu baada ya mpigo, kama milimita 4 za juu hazionekani. Wekeni kipande cha akriliki (plastiki ngumu) cha milimita 20 mbele ya kichwa, na jeli ya kupitisha sauti pande zote mbili, ili mtetemo huo uishe kabla mwangwi wa ukuta haujarudi. Mwangwi wa akriliki hurudi baada ya maikrosekunde 15 hivi na kujirudia baada ya muda uleule, hivyo ukuta unaokaribia milimita 20 unahitaji kipande kirefu zaidi.

Muda wa mpigo wa umeme unaotikisa kichwa uwe nusu ya mzunguko, yaani nanosekunde 500. Anayenakili saketi ya megahezi 5 huacha 100, kisha hupandisha volti kufidia, na betri ndiyo inayoumia. Kifaa kikisoma mwangwi kwa sampuli milioni 25 kwa sekunde zinatosha: kila moja ni milimita 0.05 ya unene.

Lisiloruhusu mjadala ni bamba la kulinganishia. Litengenezwe kwa resini na kitambaa kilekile cha boti, likiwa na ngazi za milimita 4, 8, 12 na 16, na matundu yenye kitako bapa yaliyotobolewa kutoka nyuma ili kuigiza kasoro. Pimeni ngazi kwa kalipa, kisha rekebisheni kasi mpaka kifaa kikubaliane nayo. Bamba likae kivulini pamoja na boti, maana joto hupunguza kasi ya sauti kwenye resini.

Boti iliyotoka majini leo isipimwe leo. Maji yaliyojaa kwenye ufa hupitisha sehemu ya sauti ambayo hewa ingeirudisha, na ufa unaweza kupita bila kuonekana. Na kwa boti zenye moyo wa povu au balsa (mti mwepesi) katikati ya ngozi mbili za faiba, altrasaundi ya namna hii hukagua ngozi ya nje na gundi yake tu. Ngozi ya ndani ipimwe kutokea ndani.

Mafundi wa upimaji,
Mombasa