Barua ya Wazi kwa Wazazi Wenye Watoto wa Darasa la Kwanza

Wanangu wapendwa,

Ninawaandikia nikiwa mama na bibi, juu ya jambo ambalo nililielewa nikiwa nimechelewa: kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno akiwa haumwi.

Mlipokuwa na watoto wachanga mliwabeba kila mwezi, kadi mkononi, kwenda kliniki kupimwa uzito, na hakuna aliyeona ajabu kupeleka mtoto mzima hospitalini. Kwa meno tunafanya kinyume. Tunangoja mtoto alie usiku, tunamwekea karafuu, na kukicha tunakwenda kung'oa.

Kifungua mimba wangu aling'olewa gego la chini akiwa na miaka 8. Nilijifariji kwamba ni jino la utoto na jingine litaota, mpaka daktari aliponieleza kuwa lilikuwa jino la ukubwani na halina mrithi. Magego hayo ya kwanza ya kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya magego ya utoto, na kwa kuwa hakuna jino linalong'oka kuyapisha, mzazi hapati habari. Juu yake yana mifereji inayonasa chakula, tena yako mahali ambapo mkono wa mtoto haufikishi mswaki vizuri. Ganda la nje la jino halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo tundu huchimbika kimya kimya. Maumivu makali yanapoanza, mara nyingi uozo umekwishafika ndani, na jino ambalo lingezibwa kwa muda mfupi huishia kung'olewa.

Daktari akiliona gego hilo mapema anaweza kuifunika mifereji yake kwa dawa inayoganda, bila sindano ya ganzi. Baada ya hapo yeye ndiye atakayepanga mtoto arudi lini. Kwa wengi ni kila baada ya miezi 6, na mwenye meno yanayooza upesi huitwa mapema zaidi.

Nawasihi pia msimtishie mtoto kwamba akikosa adabu mtampeleka kwa daktari wa meno. Hofu hiyo nimeiona ikidumu hadi kwa watu wazima wanaoficha maumivu.

Nendeni mwezi huu, na mkifika mwombeni daktari awaonyeshe gego hilo kwa kioo chake, ili nyumbani mjue pa kupitisha mswaki.

Ni mimi, bibi yenu.