Arigoni haina sumu, lakini ndani ya ngama huua

Mhariri,

Msimu wa kusi, mafundi wanaochomelea boti za alumini hapa Malindi huzungushia kazi turubai ili upepo usipeperushe gesi inayokinga mshono. Wana sababu: gesi ikipeperuka, mshono hutoka mweusi wenye vitundu, na kuongeza gesi kutoka lita 12 kwa dakika hadi 25 hakusaidii, kwa kuwa hutoka kwa vurugu na kuivuta hewa ndani. Hatari ni turubai hilo linapofunika mlango wa sitaha, na fundi yuko chini kwenye ngama, yaani uvungu wa boti chini ya sitaha.

Gesi hiyo ni arigoni. Katika jedwali la elementi iko safu ya mwisho kulia, kundi la 18, pamoja na heli, neoni, kriptoni, zenoni na radoni. Elektroni zake zimepangika 2, 8, 8; ganda la nje limetimia, haiombi elektroni wala haitoi. Majirani zake hawana utulivu huo: klorini, namba 17, imepungukiwa moja, potasiamu, namba 19, ina moja ya ziada. Alumini iliyoyeyuka hushika oksijeni papo hapo, na arigoni huizingira isiguswe. Kabonidayoksaidi ni ya bei nafuu, lakini kwa alumini haifai kabisa: kwenye joto lile huvunjika na kutoa oksijeni.

Sasa, kitu kisichoungana na chochote hakina rangi wala harufu ya kukuonya. Arigoni ni karibu asilimia 0.93 ya hewa tunayovuta, na bado wanakemia hawakuitambua hadi 1894, Rayleigh na Ramsay walipofuatilia kwa nini nitrojeni itokanayo na hewa ni nzito kidogo kuliko ile iliyotengenezwa maabara. Ikiwa wao walihitaji mizani, pua ya fundi itajuaje?

Tena ni nzito kuliko hewa: gramu 1.78 kwa lita, hewa ikiwa 1.29. Hutuama chini. Lita 12 kwa dakika ni lita 720 kwa saa, na chumba cha mita 2 kwa 1.5 kwa 1 kina lita 3,000 tu. Vali ikiachwa wazi wakati wa chakula cha mchana, anayerudi na kuinama anavuta hewa yenye oksijeni kidogo. Hatahisi kukabwa, kwa sababu kinachotufanya tuhisi hivyo ni kabonidayoksaidi kujaa mwilini, na hiyo anaendelea kuitoa. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10, anaweza kuzirai bila onyo.

Basi mtungi ubaki nje ya boti, na vali yake ifungwe kila kazi inaposimama. Viungo vya bomba la mpira la gesi vipimwe kwa povu la sabuni. Feni ipeleke hewa safi hadi chini kabisa kwa bomba, lakini isielekezwe kwenye mshono. Kipimo cha oksijeni kishushwe kwanza; kikisoma chini ya asilimia 19.5, asiingie mtu. Kiberiti si kipimo, hasa penye mvuke wa petroli. Barakoa ya kuchuja haisaidii, maana hakuna cha kuchuja; kilichokosekana ni oksijeni.

Awepo mtu juu muda wote, na aliye chini avae mkanda wenye kamba. Akizirai, avutwe kwa kamba. Anayeruka kumfuata huanguka juu yake.

Walimu wa kemia na ufundi wa vyuma,
Malindi